Tulivyopika mikungu ya Kituku kutafuta karatasi, na Baba Mdogo wa Bahati akiwa njiani kuja kumchukua

Wakuu, salamu kutoka Goma, kartie, yaani mtaa, wa Mapendo, mahali ambapo kiatu kipya kinazeeka kabla hujamwonyesha jirani.

Ninayeandika ni Kambale. Niko mwaka wa tano wa sekondari, kemia na biolojia. Wanaonijua humu wanajua mimi ni mtu wa kuharibu nyuzi za watu kwa utani. Leo nina uzi wangu, kwa hiyo mkitaka kulipiza, nafasi ndiyo hii.

Ninayosimulia yalitokea kama nitakavyoyasema. Asiyeamini aje nyumbani, mama atamweleza mwenyewe, tena kwa hasira kuliko mimi.

Kwanza mjue Bahati.

Mama yangu anauza fromaji, ile jibini ya duara inayotoka milima ya Masisi. Aliyekuwa akimtengenezea ni baba yake Bahati. Vita ilipopanda tena kule, barabara ikafungwa. Gari la mwisho lililofaulu kupita lilituletea vitu viwili: fromaji na Bahati. Fromaji iliisha. Bahati akabaki.

Analala chumba kimoja na mimi. Ni mrefu, mkimya, na anatembea kama mtu aliye nyuma ya ng'ombe, yaani hana haraka hata mvua ikimpiga. Mimi siwezi kumaliza sahani nikiwa nimekaa. Sijui Mungu alikuwa anajaribu nini.

Sasa tatizo. Alifika mwaka wa shule ukiwa umeshaenda mbali, hana pointi yoyote ya mwanzo. Prefe, yaani mkuu wa shule yetu, alimpokea, ila akaweka sharti. Kuna TP ya kemia, ile kazi ya mikono ya mwisho wa mwaka. Bahati akipata pointi nzuri pale, zitaziba pengo na atapanda mwaka wa sita. Akikosa, nafasi yake shuleni imekwisha.

Mtasema, si atarudia darasa kama wengine?

Hapana wakuu. Baba yake alipiga simu siku moja rezo, yaani mtandao wa simu, ilipokubali. Akasema kama shule haimtaki, asikae bure kula chakula cha watu. Mchungaji wao amekimbia, ng'ombe wametawanyika. Baba Mdogo wake atashuka Goma kwa mambo yake, na akipanda atapanda naye.

Kupanda kule maana yake nini, mtu wa hapa haulizi. Kijana wa umri wetu akikutwa njiani anabebeshwa mizigo ya wenye bunduki. Mizigo ikiisha, anabebeshwa bunduki. Binamu yake Bahati alitoka kutafuta ndama, na hadi leo anatafutwa yeye.

 Tangu siku ya ile simu, kila asubuhi Bahati alikuwa anakunja nguo zake na kuziingiza ndani ya mfuko, kama mtu anayehama leo. Jioni anazitoa. Asubuhi anazirudisha. 

Haya, tuingie shuleni.

Mwalimu wetu wa kemia tunamwita Prof Asidi. Anajua tunamwita hivyo na anajibu. Akatuambia kila watu wawili watafute takataka za shamba, wazigeuze kitu cha kufaa. Wengine akawapa sabuni. Wengine makala ya maganda, yaani makaa ya kupikia. Alipofika kwetu akaniangalia kwa muda mrefu.

"Kambale, wewe fanya karatasi," akasema. "Sababu zangu umezimaliza kwa kutengeneza ndege."

Akaeleza. Mmea una nyuzi, na nyuzi zimeshikwa na kitu kama gundi. Ukichemsha mmea ndani ya maji ya majivu, ile gundi inaachia. Unaosha, unatwanga, unatandaza, unakausha.

Nikamwambia Bahati, hii si kemia, hii ni kupika sombe, yale majani ya muhogo. Tofauti ni kwamba hatutaweka mafuta.

Bahati hakucheka. Aliuliza tu tunaanza lini.

Tukaanza na mabua ya mahindi. Nikaazima chukudu ya jirani, ile baiskeli yetu ya mbao ambayo haina pedali na haijui huruma, tukaisukuma hadi Munigi. Huko ndiko wakimbizi wengi wa vita wamekaa, vibanda vya turubai juu ya mawe meusi, na katikati yake vishamba vya watu ambavyo bado vinajaribu kuwa mashamba.

Tukakuta mabua yameegemezwa kwenye ukuta wa mawe. Makavu, mazuri, marefu. Nikasema, hii ndiyo takataka ya shamba ambayo Prof alikuwa anaiota.

Bahati akazunguka lile rundo. "Hii imepangwa," akasema. "Takataka haijipangi yenyewe."

Nikamwambia asiniletee falsafa, jua linaenda. Tukapakia.

Hatukufika mbali. Mama mmoja alisimama mbele ya chukudu, mtoto mgongoni, mikono kiunoni. Hakupiga kelele. Wakuu, mama asiyepiga kelele ni wa kuogopa mara mbili.

"Nyinyi batoto, munapeleka moto yangu wapi?"

Nikamjibu kwa heshima kwamba sisi hatuna moto, tuna mabua.

"Wewe unaona mabua," akasema. "Mimi naona chakula ya mangaribi."

 Makala ya Goma yanatoka porini, na njia za porini zimefungwa. Yule mama na wenzake wanapikia mabua. Wanazunguka kuyaomba kwa wenye mashamba, wanayaanika, wanayagawana. Mimi nilikuwa nimepakia jiko la watu.

Bahati akaongea naye Kihunde, lugha ya kwao Masisi, taratibu, kichwa chini. Sikuelewa maneno ila nilielewa kwamba tunaombewa msamaha. Kumbe yule mama ametoka kilima kinachotazamana na kwao Bahati. Wote wanamwita Mama Riziki. Akauliza tulikuwa tunataka mabua ya nini. Bahati akamwambia, karatasi.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Batu banakosa kuni, nyinyi munatafuta karatasi," akasema, na akawaita majirani waje watuone.

Tukarudisha kila kitu na kupanga kama kilivyokuwa. Yeye alisimamia. Mara mbili alitupangulia tuanze upya, nafikiri ya pili ilikuwa kwa raha zake tu.

Tukiwa tunashuka na chukudu tupu, milio ya risasi ikasikika kwa mbali, upande wa milima. Watu barabarani wakainua vichwa, wakasikiliza kidogo, wakarudi kwenye mambo yao. Bahati hakurudi. Alibaki ameangalia kule mpaka nikamvuta shati.

Njiani akasema neno moja ambalo lilituokoa. Tutafute kitu ambacho hakiwaki moto na ng'ombe hawakitaki.

Nikafikiri. Mimi nikifikiri natembea, kwa hiyo tulifika Kituku, pwani ya ziwa.

Pale mitumbwi inashusha ndizi kila siku. Wamama wanakata vichana na kuvipanga, halafu ule mti wa katikati wa mkungu, ule unaoshika ndizi zote, wanautupa. Marundo kwa marundo, yamelowa, yananuka. Hauwaki. Na mbuzi wa Kituku, ambao nimewaona wakila mfuko wa saruji, wanaupita kama hawajauona.

Tukapakia. Wauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, walifurahi sana kutuona. Mmoja akasema, masomo imewashinda hawa, sasa bamekuwa bazoa taka na uniforme ya shule. Nikamwambia asubiri, nitaleta karatasi ya kufungia samaki wake. Akaniambia samaki wake wana heshima.

Tukafika nyumbani, tukapasua, tukakatakata. Yakabaki majivu.

Sasa hapa wakuu naomba mcheke mara moja, halafu tuendelee.

Majivu ya jiko la mama ni kidogo, anayatumia kusugulia sufuria. Lakini mimi nikainua macho. Kama mnavyojua, sisi tuna Nyiragongo, ule mlima wa volkano. Siku chache nyuma ulikuwa umekohoa, na mabati yote ya Mapendo yalikuwa na vumbi jeusi, mifereji imejaa. Nikamwambia Bahati: ndugu, tunaishi chini ya mbabula, jiko la makala kubwa kuliko yote ya Kongo, na inatutupia majivu bure mpaka mlangoni. Tunatafuta nini kwingine?

Bahati akashika lile vumbi, akalisugua kwa vidole. "Moto ya ule mulima haikukula miti," akasema.

Nikamjibu kwamba moto ni moto.

Tukachemsha siku nzima. Siku nzima wakuu, na makala ya mama, yale ya mwisho kwenye gunia, kwenye sufuria yake. Kila nikichungulia naona maji meusi na vipande vigumu vinaniangalia. Nikaongeza moto. Nikakoroga. Nikaimba. Mwisho nikatoa kipande nikakitafuna. Ilikuwa kama kutafuna ufagio uliochovywa mchanga.

Mama akarudi kutoka sokoni. Akaangalia gunia la makala. Akaangalia sufuria. Akauliza tunapika nini, na mimi nikajibu karatasi, kwa sababu hakuna jibu lingine.

Akakaa kwenye kiti, polepole, akasema vita imetufikisha mahali pa kupika takataka na vumbi. Jioni ile tulikula avoka na mkate, na hakuna aliyeongea na mimi, hata wadogo zangu, ambao kwa kawaida wananifuata kama kuku.

Na simu ikalia jioni ileile. Baba Mdogo. Ameshashuka, yuko Sake, mji ulio njiani kuja Goma, anangoja njia itulie. Ijumaa atakuwa kwetu, na Ijumaa hiyohiyo atapanda.

TP ilikuwa Ijumaa hiyohiyo.

Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Nikazunguka tena. Niliporudi nilimkuta Bahati ameinama kwenye ile sufuria, ametia vidole ndani ya maji, anavisugua pamoja.

"Haitelezi," akasema.

Akanieleza. Kwao sabuni ikiisha wanafua kwa maji ya majivu ya jikoni, na yale maji yanateleza mkononi kama sabuni yenyewe. Haya hayatelezi. Nikakimbilia kaye yangu ya kemia, daftari ambalo kwa mara ya kwanza lilifunguliwa kwa hiari. Pale pale, mwandiko wangu mwenyewe, mbaya kama miguu ya kuku: besi inateleza, asidi inachachuka. Na kila mtu Goma anajua mvua ikipita kwenye moshi wa ule mlima inaunguza majani ya maharagwe. Majivu ya kuni ni kitu kimoja, vumbi la volkano ni kitu kingine kabisa. Tulikuwa tumechemsha mikungu ndani ya mchanga na uchachu, na makala ya mama ndiyo yaliyolipa.

Kwa hiyo tulihitaji majivu ya mimea. Mengi. Nani Goma ana majivu mengi ya mimea?

Nyote mmeshajua. Mimi ilinichukua muda.

Tukarudi Munigi. Mama Riziki alipotuona akaita majirani tena, kama kuna filamu. Safari hii nilimwachia Bahati aongee. Akamwambia tunaomba kile kinachobaki baada ya yeye kupika.

Akatuangalia. "Moto mulinirudishia," akasema. "Majivu mupeleke."

Nje ya kila kibanda kulikuwa na kirundo cha majivu, meupe, mepesi, ya mabua na ya maganda ya maharagwe. Watoto walitusaidia kukusanya, na kufikia mwisho tulikuwa wote na sura za mizimu. Kwa malipo tukamsimamia Mama Riziki kwenye foleni ya maji na kumsukumia bidon zake, yale madumu ya maji, kwa chukudu hadi mlangoni. Pale foleni mimi nilipata wateja wengi wa utani. Bahati alisikia habari za vilima vyao, nani amepita wapi, nyumba ya nani imebaki. 

Tukaloweka majivu kwa maji, tukayachuja kwa fulana yangu. Maji yakatoka rangi ya chai, yanateleza hadi unacheka. Sufuria ya mama tulikuwa tumekatazwa hata kuitaja, kwa hiyo tukatumia debe la mafuta juu ya mawe matatu. Makala hakuna, lakini fundi anayetengeneza chukudu alitupa vumbi la mbao na vipande. Kufikia mchana vile vipande vya mkungu vilikuwa vimelegea kama makande. Ukivuta, nyuzi zinatoka ndefu, laini, kama nywele. Harufu ilikuwa ya mbuzi aliyenyeshewa, ila mimi nilikuwa tayari kuipaka kama manukato.

Kuosha tukaosha. Kutwanga je?

Mama ana kinu cha sombe. Alikuwa sokoni. Sisemi zaidi.

Tulikiosha baada ya kazi, naapa. Tulikiosha haraka, ndiyo, lakini tulikiosha. Siku iliyofuata mama akatwanga sombe yake, akapika, tukakaa wote mezani. Papa, yaani baba yangu, akatia tonge la kwanza mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mama Kavira," akamwambia mama, anayeitwa hivyo kwa jina la dada yangu mkubwa, "hii sombe inapiga povu."

Mama hakumwangalia papa. Aliniangalia mimi. Mimi nikasimama na sahani yangu, kama nilivyowaambia siwezi kula nimekaa, nikaanza kusogea mlangoni.

Bahati ndiye aliyesema. Kwamba ni sisi wawili, na kwamba Ijumaa ni karibu.  Mama akasema kinu tukisugue na ndimu mpaka kinuke ndimu, na sombe ya nyumba hiyo tutaitwanga sisi mpaka yeye aseme basi. Hadi leo ninapoandika, hajasema basi.

Ikabaki kutandaza. Tukafanya fremu ya mbao, tukaitandikia kipande cha chandarua kizee. Unakoroga ule uji wa nyuzi ndani ya beseni la maji, unazamisha fremu, unainua polepole, maji yanashuka, nyuzi zinabaki juu.

Polepole ndilo neno lililonishinda. Ya kwanza yangu ilitoka kama chapati ya mtu aliyeachwa. Ya pili ilikuwa na shimo. Ya tatu Bahati akanipokonya fremu, akanituma nikafukuze kuku, na wakuu, kuku hawakuwepo.

Lakini yeye, mikono yake ilikuwa imeshajua. Kwao, fromaji ikiwa bado laini unaifunga kwa kitambaa na kuikandamiza kwa mawe, unaongeza jiwe moja baada ya jingine, usiharakishe, vinginevyo inapasuka. Alifanya hivyohivyo. Nguo, karatasi, nguo, karatasi, na juu mawe ya volkano, dogo kwanza, kubwa baadaye. Alikuwa anagusa pembeni kuona maji yanatokaje, kama anagusa mtoto mwenye homa. Nilikaa nikamwangalia. Ndiyo, nilikaa.

Tulizibandika kwenye vioo vya madirisha ya saloon, sebule yetu, zikauke. Nyumba ikawa giza, papa akawa anauliza saa ngapi wakati wa mchana. Zilipobanduka zilikuwa za rangi ya maziwa yaliyoungua, ngumu kidogo, pembe zimepinda. Lakini zilikuwa karatasi. Bahati aliandika jina lake kwa bic, na jina likakaa.

Ijumaa asubuhi Baba Mdogo akaingia. Buti za plastiki, koti refu, kofia mkononi. Alikunywa chai amesimama. Akauliza mfuko uko tayari. Ulikuwa tayari kama kila asubuhi. Akasema amepata motari, dereva wa pikipiki, anayejua njia za nyuma, ataondoka mchana na hawezi kungoja, kwa hiyo mfuko uje shuleni.

Ndivyo Bahati alivyoenda kwenye TP: mkono mmoja karatasi zetu, mkono mwingine nguo zake zote.

Baba Mdogo hakuingia darasani. Alisimama dirishani, nje, na nyuma yake motari amekaa juu ya pikipiki yake anakula karanga.

Walioandaa sabuni wakapita. Wa makala ya maganda wakapita, wakavuta moshi darasa zima. Zamu yetu. Prof Asidi akachukua karatasi, akaiinua kwenye mwanga, akainusa, akaipiga kwa kidole.

"Hii ni karton," akasema. "Mumelowesha karton, mukaiponda, mukaianika. Mwaka jana walinifanyia hivyo. Kaeni."

Wakuu, mimi nina jibu kwa kila kitu. Nina jibu hadi kwa mapadri. Pale nilifungua mdomo pakatoka hewa.

Bahati hakukaa.

"Hapana, Prof," akasema.

 Hakuna mtu anayemwambia Prof Asidi hapana. Mimi nilishawahi kumwambia labda, na nilifagia uwanja mwezi mzima.

Prof akasema polepole kwamba yeye amefundisha kemia tangu sisi hatujazaliwa. Bahati akamwambia ni kweli, lakini hii si karton. Akachukua karatasi yetu akaipasua katikati mbele yake, taratibu, na kwenye mpasuko zikatokea zile nyuzi, ndefu, zinang'ang'aniana. Akaokota boksi la chaki, akalipasua vilevile. Mpasuko ukatoka mfupi, kama mkate.

"Karton nyuzi zake zimeshakatwa mara mingi," akasema. "Hizi hazijawahi kuwa karatasi. Ni mara yake ya kwanza."

Prof akavaa miwani. Akavuta uzi mmoja, akauangalia. Akauliza besi tulinunua wapi. Bahati akatoa chupa ya maji ya majivu, Prof akachovya kikaratasi chake cha kupimia, kikawa bluu. Akauliza majivu ya nini. Bahati akaeleza yote, hadi ile siku ya volkano, na darasa likanicheka kwa muda ambao naona ulizidi. Prof akasema hata vumbi la volkano lina madini yake, labda hatukuchemsha vya kutosha. Na Bahati, bila kuinua sauti, akamkatalia tena.

"Tulipika siku muzima, Prof. Mikungu ilibaki na mifupa yake."

 Halafu Prof akaandika ubaoni: quatorze sur vingt. Kumi na nne kati ya ishirini. Akasema Bahati ameipata kwa kazi, na Kambale ameipata kwa kunyamaza, na hii ya pili ndiyo muujiza wa mwaka.

Prefe aliitwa, akathibitisha. Mwaka wa sita.

Tukatoka nje. Mimi nilikuwa narukaruka. Baba Mdogo alikuwa bado palepale dirishani, hakuwa amesogea. Akaomba karatasi. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema ng'ombe mwenye njaa angeila.

Motari akawasha pikipiki yake. Bahati akaokota mfuko akauweka begani. Mimi nikaacha kuruka.

Baba Mdogo akautoa ule mfuko begani kwake akauweka chini.

"Nimeona umemubishia mukubwa, na mukubwa akakusikiliza," akasema. "Kule kwetu sasa, kijana akimubishia mukubwa tunamuzika. Bakia hapa."

Akapanda. Kiti cha nyuma yake kilikuwa kitupu. Motari akauliza kama hawamngoji mtu, na Baba Mdogo akampiga begani tu, waende. Vumbi likatuingia machoni. Nasema vumbi, na Bahati naye anasema vumbi, kwa hiyo acheni.

Hayo ndiyo yangu wakuu.

Nimejifunza nini? Kwamba "takataka ya shamba" ni maneno ya mtu ambaye hajapikia jiko la wengine. Siku hizi nikiona kitu kimetupwa, kwanza nauliza nani anakitaka. Nimejifunza pia kwamba vumbi la volkano halipiki kitu, na kwamba mimi nina mikono ya kufukuza kuku.

Wenye ujuzi nisaidieni: bic inakaa vizuri, lakini wino wa maji unasambaa kama uvumi. Nimejaribu kupaka uji mwepesi wa muhogo, afadhali kidogo, ila panya wa Mapendo wamefurahi kuliko sisi. Kuna anayejua njia nyingine? Na kuna aliyejaribu maganda ya maharagwe badala ya mkungu?

Kejeli leteni, nimezoea, nitazijibu zote.

Ila kuna swali moja la mwisho, na kwa hilo naomba kila mtu asinifanyie utani, hata wale ninaowadai utani wao. Tangu Baba Mdogo alipoondoka, simu yake haipatikani, wala ya baba yake Bahati. Aliye upande wa Masisi, au mwenye ndugu kule, atuambie kama ni rezo tu imekufa, au kama zile njia za nyuma bado zinapitika.

Andika hata neno moja. Bahati amekaa hapa pembeni yangu, anasoma komenti zote.